Ile Saa Ilikuwa Inahesabu Nini?

Mikono saba tu.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kimejaa, wanafunzi 34, na kwenye kila skrini nilikuwa nimewafungulia maduka mawili ya mtandaoni yanayouza mabegi ya shule. Moja ni la kweli kabisa. Ni la mama mmoja ninayemfahamu, anayeshona mabegi yake mwenyewe na kuyapiga picha mwenyewe, na hizo picha utadhani zilipigwa chini ya meza. Maelezo yana makosa ya herufi. Neno "mkanda" limegeuka "mknada" mara mbili katika ukurasa mmoja. Duka la pili nililijenga mimi Jumamosi moja, kwa saa mbili, kwa zile programu za kutengenezea tovuti ambazo hazikudai ujue lolote. Nililipamba kwa picha safi, nyota nne na nusu, maoni ya wateja 12 ambao niliwazaa mwenyewe, ukurasa wa "Kuhusu Sisi", ahadi ya kurudisha pesa ndani ya siku 30, na juu kabisa saa nyekundu inayorudi nyuma: ofa inakwisha baada ya dakika 15.

Nikauliza swali moja. Ungenunua wapi?

Saba wakanyoosha mikono kwa duka la mama. Waliobaki wote wakaja kwangu.

Idadi haikunishtua sana. Kilichonishtua ni sababu zao. "Lina kufuli." "Halina makosa ya kuandika." "Wateja wanalisifu." "Ukirudisha mzigo wanakupa pesa yako." Nilizisikiliza moja baada ya nyingine, nikajisikia kama mtu anayekutana njiani na nguo zake zimevaliwa na mwingine. Zilikuwa zangu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeziandika ubaoni chini ya kichwa "Dalili za Duka Salama", nikawaambia wanakili.

Somo langu walikuwa wamelifaulu vizuri tu.

Kipindi kilipoisha, msichana mmoja wa safu ya mbele alichelewa kutoka. "Mwalimu, ile saa ilikuwa inahesabu nini?"

Nikacheka. Nikamwambia haihesabu kitu, ni pambo, ikifika sifuri inaanza upya. Akaitikia kwa kichwa, akachukua vitabu vyake, akafika mlangoni, akageuka.

"Na zile za maduka ya kweli?"

Nilimjibu jambo fulani, silikumbuki. Swali lenyewe ndilo limekataa kuondoka, na hii ni wiki ya tano.

## Kufuli lililong'olewa

Nianze na lile lililoniaibisha zaidi, kwa sababu nililifundisha kwa miaka: kufuli dogo pembeni mwa anwani ya tovuti.

Kufuli lile halikuwa uongo. Lilisema kwamba njia kati ya kompyuta yako na tovuti imefungwa, hivyo mtu wa katikati hawezi kusoma unachotuma. Basi. Aliyeko upande wa pili ni nani, ana mabegi au hana, hilo halikuwa kazi yake. Unaweza kuifunga barua kwa lakiri, ukaitia muhuri, ukampa mjumbe mwaminifu, na ikafika salama salimini mikononi mwa mwizi.

Zamani kidogo cheti cha kufuli kiliuzwa, na usumbufu wake uliwachosha matapeli wavivu. Mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt likaanza kuvitoa vyeti hivyo bure na bila urasimu. Lilikuwa jambo jema kwa intaneti nzima. Ila foleni ya vitu vya bure haibagui, na matapeli nao walipanga mstari. Kufikia 2023 Google waliliondoa kabisa kufuli kwenye kivinjari chao cha Chrome, wakaweka alama nyingine isiyoahidi chochote, kwa hoja kwamba watu walikuwa wakilielewa vibaya.

Mimi bado nilikuwa nalichora ubaoni.

Duka langu la Jumamosi lilipata kufuli bila hata mimi kuliomba. Lilikuja na tovuti, kama bawaba zinavyokuja na mlango.

## "Limeunganishwa na benki"

Kuna kijana mmoja, mjanja kwelikweli, aliyeamua kulipima duka langu kwa njia yake. Kwenye ukurasa wa malipo (ambao haukutuma wala kuhifadhi kitu, msiniogope) aliandika namba za kubuni kwenye nafasi ya kadi. Duka likamkatalia: namba ya kadi si sahihi. Akamgeukia mwenzake akamnong'oneza, nami nikasikia: "Hili la kweli. Limeunganishwa na benki."

Hili sikuwa nimelitarajia, na nililipenda kiasi kwamba nilitumia kipindi kizima cha wiki iliyofuata kulifumua.

Namba za kadi hutungwa ili tarakimu ya mwisho izikague zile zilizotangulia. Kanuni yenyewe ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1954 na kuipata 1960. Unaanzia kulia. Kila tarakimu ya pili unaizidisha kwa mbili. Jibu likizidi tisa unalipunguza tisa. Kisha unajumlisha zote. Jumla ikigawanyika kwa kumi bila baki, namba imepita. Tuliijaribu ubaoni kwa 79927398713, mfano maarufu wa kufundishia, ikatupa 70. Tukabadilisha tarakimu moja tu, ikagoma. Tukabadilisha nyingine, ikagoma tena.

Kazi yake ni kukamata vidole vilivyoteleza. Haiulizi benki chochote. Mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye tovuti kwa mistari michache ya programu, na kwangu ilikuja na ukurasa wa malipo, tayari. Yule kijana alikaa kimya muda, kisha akasema, "Kwa hiyo lilinikatalia ili niliamini." Nikamwambia hapana, halikuwa na nia hiyo, na mimi sikuwa hata najua kwamba limo. Ila matokeo ni hayo hayo.

Siku ile kengele ililia na wakalalamika kwamba imewahi. Sijui lini litatokea tena.

## Kizuri chajiuza?

Narudi kwa wale saba, maana nilidhani wao ndio waliopona.

Wanne walikiri kwamba walikisia. Wawili walisema duka langu lilikuwa "zuri mno", wasiweze kueleza zaidi. Wa saba, kijana wa dawati la nyuma ambaye huwa hazungumzi, alisimama akasema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule mama hajui kujitembeza. Tapeli angejitahidi zaidi."

Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimejaa furaha ya mwalimu, ile inayodumu mpaka unapoanza kufikiri.

Kwa sababu akili ile ikienea, tapeli atahitaji siku moja tu kujifunza kuandika "mknada". Ubaya wa picha nao unaweza kutengenezwa. Na methali yenyewe ilizaliwa mahali ambapo kitu unakishika, unakigeuza, unakinusa. Mtandaoni kila kitu kinajitembeza, kizuri na kibaya, kwani kisichojitembeza hakionekani kabisa. Huku kila ununuzi ni wa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba gunia lina picha ya mbuzi.

Usiku ule ndipo nilipoielewa kasoro ya orodha yangu. Haikuwa kwamba dalili zimepitwa na wakati na zahitaji kubadilishwa na mpya. Dalili zote, za zamani na mpya, zilikuwa zimo ndani ya ukurasa. Na kila kilichomo ndani ya ukurasa kimewekwa na mwenye ukurasa.

Nyota kaweka yeye. Kufuli kaweka yeye. Simu ya huduma kwa wateja kaweka yeye.

Saa nayo kaweka yeye.

## Swali la mlangoni

Hapo ndipo swali la yule msichana lilipoanza kuniuma kweli, maana linawahusu hata wasio wezi.

Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Princeton na wenzao wa Chicago waliandika programu iliyopita kwenye maduka ya mtandaoni yapatayo 11,000 na kuangalia namna yanavyomsukuma mnunuzi. Walikusanya hila 1,818, na kati ya maduka hayo 183 yalikuwa yakidanganya waziwazi. Saa zinazoanza upya ukifungua ukurasa tena, zimo. Ujumbe wa "watu kadhaa wanaangalia bidhaa hii sasa hivi" ambao namba yake inatungwa na kompyuta kwa kubahatisha, umo. Haya hayakuwa mapango ya wezi. Ni maduka ambayo ukilipa, mzigo unakuja.

Mtaalamu mmoja Mwingereza, Harry Brignull, alikuwa amezipa hila za aina hii jina tangu 2010 na kuanza kuziorodhesha hadharani: kisanduku kilichokwisha tikiwa kwa niaba yako, kitufe cha kukubali kikubwa kama sahani na cha kukataa kama chembe ya mchanga, usajili unaoingia kwa bofyo moja na kutoka kwa safari ya siku tatu. Sheria zimekuwa zikizifuata taratibu kwa nyuma. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, ulikataza visanduku vya malipo ya ziada vilivyotikiwa kabla, na ukampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi bila kutoa sababu.

Lakini kesi iliyowagusa wanafunzi wangu ni ya Fortnite. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games, wenye mchezo huo, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Tume ilisema mpangilio wa vitufe ulikuwa ukiwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia, wakati mwingine kwa kubonyeza mara moja tu huku mchezo ukiwa bado unafunguka, na kwamba watoto walitozwa bila wazazi kuridhia. Nilipolisema hilo darasani kulikuwa na kimya cha ajabu, kisha mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyesamehewa, "Kumbe!"

Sikumuuliza kumbe nini.

Nilichokuwa nikifundisha ni kutofautisha mwizi na mwuzaji. Sasa ilinibidi niwaambie kwamba mwizi na mwuzaji mara nyingi wananunua vifaa vyao duka moja. Saa ni ile ile. Wekundu ni ule ule. Anayekuibia na anayekuharakisha tu wote wanataka jambo moja kutoka kwako katika dakika zile 15: usitoke kwenye ukurasa.

## Kutoka

Kwa hiyo nilifuta orodha. Badala yake tukafanya mazoezi ya kutoka.

Zoezi la kwanza lilikuwa kusoma anwani, kwa sababu hiyo iko juu ya ukurasa, siyo ndani yake, na mwenye ukurasa haiandiki apendavyo. Nikawapa hii:

dukaletu.com.mfano.net/malipo

Nani mwenye nyumba? Karibu wote wakasema dukaletu. Jicho letu linasoma kutoka kushoto, na matapeli wanalijua hilo. Anzia kwenye ule mkwaju wa kwanza ulio peke yake, urudi kushoto: vipande viwili unavyokutana navyo kwanza, mfano.net, ndivyo jina la mwenyewe. Vya mbele yake vyote ni vyumba alivyovigawa, na chumba unaweza kukiita utakavyo. (Ziko anwani zenye vipande vitatu, kama zinazoishia co.uk. Walizigundua wenyewe na kunisuta.)

Nikaona tumefika. Kisha nikakumbuka kisa cha 2017, mtafiti wa usalama Xudong Zheng alipoandikisha anwani ambayo kwenye baadhi ya vivinjari ilisomeka apple.com, herufi kwa herufi, kumbe herufi zenyewe ni za Kisirili, zile za kuandikia Kirusi, zinazofanana na zetu. Baadhi ya vivinjari vikarekebishwa. Ila jicho la mwanadamu halirekebishwi.

Ndiyo maana siku hizi nasisitiza mlango kuliko kitasa. Usiingie dukani kwa linki uliyotumiwa, hata na rafiki, hata kama ofa inakwisha. Funga. Ingia kwa njia yako: anwani uliyoihifadhi mwenyewe, au programu uliyoipakua mahali rasmi. Kama ofa ipo kweli, utaikuta ndani. Kwa duka usilolijua, tafuta jina lake likitajwa na watu wasiolipwa nalo, na uweke pembeni ya jina hilo neno "malalamiko".

Kuna msaada mmoja ambao wanafunzi waliupuuza mpaka nilipowaonyesha. Programu ya kutunza maneno ya siri haisomi sura, inasoma anwani. Ukiwa kwenye duka bandia lililofanana na la kweli mpaka unyoya, wewe utadanganyika. Yenyewe itakaa kimya, haitajaza neno la siri, kwa sababu anwani si ile. Mara nyingi mtu hukasirika, akadhani programu imeharibika, akaandika mwenyewe kwa mkono. Nimewaambia kimya kile wakiogope kuliko kelele yoyote.

Kuhusu malipo nilisema machache, na nadhani yalitosha. Kabla pesa haijatoka, jiulize itarudi kwa njia gani. Ukilipa kwa kadi, kwa kawaida benki inaweza kuombwa iyapinge malipo. Ukituma moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu binafsi, au kwa sarafu za kidijitali, au ukisoma namba za kadi ya zawadi kwa simu, pesa imekwenda zake. Mwuzaji anayekusihi uache njia ya malipo ya duka na mmalizane "pembeni" anakuomba uvue kofia ya chuma kabla hajarusha jiwe. Na ile namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu ni sahihi yako. Anayekupigia kuiomba, awe nani awe nani, anaomba umwekee sahihi kwenye karatasi ambayo hujaiona.

## Karatasi kwenye kisanduku

Darasani kwangu kuna kisanduku cha maswali yasiyo na jina. Huwa kinapata maswali ya mtihani na michoro ya mwalimu.

Wiki ya tatu nilikuta hii, kwa penseli, imekunjwa mara nne: "Mimi nilishalizwa. Nililipa, kitu hakikuja, wakanizuia nisiwaandikie tena. Sijamwambia mtu. Ulisema lazima uwe mjinga."

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Sikusema hivyo. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kunijia, na naliandika hapa kwa aibu yake yote: nilianza kujitetea mbele ya karatasi. Nikarudia kichwani kipindi cha kwanza kabisa. Nilikuwa nimewaonyesha ujumbe wa utapeli, mmoja wa wale wenye makosa kila neno, na darasa likaangua kicheko. Nami, nikifurahia kicheko, nikasema: "Jamani, nani anaweza kuingia mkenge huu?"

Neno "mjinga" sikulitamka. Lakini mwenye penseli alisikia alichosikia, na hakukosea.

Nilidhani kicheko kinawapa kinga. Kumbe kilifunga mdomo wa yule mmoja aliyekuwa na la kusema. Na katika jambo hili kimya kina gharama isiyo ya moyoni tu. Kadi inaweza kuzuiwa ikiwa benki imeambiwa mapema. Kupinga malipo kuna muda wake, ukipita umepita. Neno la siri lililoibwa dukani hujaribiwa kwenye barua pepe na kwenye maduka mengine, maana wezi wanajua tunatumia neno moja kila mahali. Na anayeficha hasara yake ndiye mteja bora wa wale matapeli wa awamu ya pili, wanaokuja na sauti ya upole wakisema wanaweza kukurudishia pesa yako, tangulizia kiasi kidogo tu cha kushughulikia.

Sikujua mwenye karatasi, na sikutaka kumtafuta kwa mwandiko ingawa kila mwalimu anajua kwamba anaweza.

Nilichofanya ni kubeba zulia.

Ni zulia langu mwenyewe. Niliagiza mtandaoni miaka michache nyuma, baada ya kuona picha yake sebuleni, kochi juu yake, meza juu yake, paka amelala pembeni. Lilipofika lilikuwa ndani ya bahasha. Sentimita 60 kwa 40. Na kibaya zaidi, vipimo vilikuwa vimeandikwa pale pale chini ya picha, kwa usahihi kabisa, sikuwa nimevisoma. Hakuna aliyenitapeli. Nililikunja, nikalitia kabatini, na mtu wa nyumbani aliponiuliza mzigo uko wapi nikasema umechelewa. Nikalishikilia hilo wiki nzima.

Nililitandika juu ya meza ya mwalimu. Halikuifunika hata nusu. Walicheka mpaka wakashika matumbo, nami nikawaacha wacheke, kisha nikawaeleza ile sehemu ya kabati.

Mkono wa kwanza ulichukua muda kunyanyuka. Viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Kisha wa pili: usajili wa majaribio ya bure uliokuwa ukikata pesa kila mwezi, na mzazi akidhani ni tozo za benki. Kisha ikawa kama bomba limefunguliwa, na ninachokumbuka ni kwamba waliosimulia wengi walikuwa wale ninaowapa alama za juu.

Sijui kama mwenye penseli alinyoosha mkono. Natumaini alikuwa mmoja wa wale. Siku hizi sharti langu la kwanza darasani halihusu tovuti: ukilizwa, mwambie mtu mmoja kabla hujalala.

## Kazi ya siku tatu

Mwaka 1999 Amazon walipewa hataza ya Marekani ya kununua kwa bofyo moja, nayo ikadumu mpaka 2017. Fikiria hilo kidogo: kuondoa hatua kati ya kutamani na kulipa kulionekana kuwa uvumbuzi wa kulindwa kisheria. Na ni uvumbuzi kweli. Basi nikaona kazi yangu ni kuzirudisha zile hatua, hata kwa mkono.

Nikawapa zoezi. Chagua kitu unachokitaka, kiweke kwenye kikapu cha duka, usilipe. Andika daftarini kwa nini unakitaka. Funga. Rudi baada ya siku tatu, usome ulichoandika.

Nilitarajia insha za kujitambua. Baadhi nilizipata, mmoja aliandika kwamba siku ya tatu hakukumbuka hata alikuwa amechagua rangi gani. Lakini wengine walirudi wakicheka. Maduka yalikuwa yamewaandikia barua pepe, "umesahau kitu", na siku iliyofuata yakawaongezea punguzo. "Mwalimu, kusubiri kunalipa!" Wakaanza kuelezana ni duka gani linapunguza haraka. Kwa hiyo sina hakika kama nilifundisha kiasi au nilifungua chuo cha kupatana bei. Na niseme ukweli, wawili walinunua siku hiyo hiyo kwa sababu ya lile punguzo, vitu ambavyo daftari zao zilisema hawavihitaji.

Yule msichana wa safu ya mbele hakuandika insha. Aliniletea jedwali.

Alikuwa amechagua maduka manne yenye saa, akayafungua kwa siku sita, asubuhi na jioni, na kila mara aliandika saa ya ukutani na ile ya dukani. Safu zilikuwa zimepigwa kwa rula. Duka la kwanza: kila alipofungua, dakika 15 kamili. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa na ujanja zaidi. Lilimkumbuka, likaendelea kushuka mpaka sifuri, na alipolifungua kwa simu ya dada yake likaanza upya. Pembeni ameandika kwa herufi ndogo: *inahesabu tangu nilipoingia mimi*.

La nne lilikuwa kweli.

Lilishuka siku baada ya siku bila kuruka hata dakika, likafika sifuri Alhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi bei ilikuwa imepanda. Jumamosi kitu chenyewe kilikuwa kimekwisha. Lilikuwa begi, na nilipomtazama nikajua kwamba halikuwa la zoezi tu. Alilitaka.

"Hili ningelijuaje, Mwalimu?"

Nilivuta kiti. Tukarudia jedwali lake tangu safu ya kwanza, asubuhi ya siku ya kwanza, tukitafuta ni wapi duka la nne lilianza kutofautiana na mengine. Asubuhi ile yote manne yalikuwa na saa inayoshuka, basi. Jioni yake ndiyo ilionyesha kitu. Akachukua penseli, akaizungushia duara.